Miguu ya Njambi

Nyinyi mnaofundisha watu mazoezi siku hizi mna saa za mkononi zinazowaambia moyo wa mtu unakwenda vipi. Mimi nilifanya kazi hii hapa Nakuru miaka mingi nikiwa na macho, mikono na uoga. Macho yamechoka, mikono ikipigwa na baridi ya asubuhi haikunjuki, lakini uoga ninao bado, na ndio ninaotaka kuwaachia. Msinicheke. Ngojeni niwaambie ulinipata wapi.

Naitwa Nekesa. Baba alikuwa mtu wa reli, mimi nikaingia kiwandani, na huko kiwandani nikachezea timu ya netiboli mpaka kiwanda kikafungwa. Halafu akina mama wa kanisa letu, mtaa wa Section 58, wakaambiwa na daktari wapunguze uzito, wakaniomba niwachezeshe mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kocha. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa na kocha wetu wa kiwandani, mzee mmoja aliyetukataza kunywa maji uwanjani eti maji yanalegeza magoti. Ukianguka, alikuwa anakuuliza kama nyumbani walikuombea. Tulimpenda sana. Vile tulivyopona, Mungu ndiye anajua.

Baadaye nikapata kazi kwenye jimu mjini, nikazoea, nikajiona nimefika. Ndipo siku moja bosi akaniita kando.

"Nekesa, wateja wameanza kuuliza. Wanataka kuona cheti. Kuna kozi ya wikendi, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu ukuje nacho."

"Na nisipokipata?"

Akaangalia dirishani. "Ukuje nacho tu, mama."

Nilikuwa nakaribia miaka hamsini. Sikuwa nimekaa darasani tangu niwe msichana. Jumamosi asubuhi nilibadilisha nguo mara tatu hadi nikachelewa, na nilipofika kwenye ile hoteli kuukuu ambako kozi ilifanyiwa, ukumbi ulikuwa umejaa vijana waliovaa nguo za kubana, wanajinyoosha kama paka. Mmoja wao, kijana mwenye kifua kama kabati, akanisogelea.

"Sasa mathe. Chai itakuwa tayari saa ngapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Ikija tutakunywa wote. Mimi pia nimekuja kusoma."

Akashika kichwa. "Ai! Pole mathe! Si ungesema!" Huyo ndiye Kevo. Hakuwa mbaya, na kesho yake nilikuja kumwona akiogopa kuliko mimi.

Nilikaa nyuma, kando ya msichana mwembamba aliyekuwa ametoka Rongai alfajiri. Jina lake Njambi. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la mahindi, kushona magunia. Shuleni alikuwa mkimbiaji mzuri, akaacha, na sasa hoteli fulani Naivasha ilikuwa inafungua jimu yake na wamemwahidi kazi.

"Wamesema Jumatatu nikija na cheti, naanza siku hiyo hiyo," akaniambia. Alipokuwa akisema hayo alikuwa ameshika mkono wangu, na hatukuwa tumejuana hata saa moja.

"Utalala wapi leo?"

"Kuna cousin yangu alikuwa ameniambia nikuje, lakini saa hii hashiki simu."

"Utalala kwangu," nikasema. Kufikia chakula cha mchana alikuwa ananiita Mum.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Chebet, mama mfupi aliyekuwa amefanya kazi hospitalini miaka mingi, kunyoosha watu waliovunjika. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliongea chini, na ukumbi wote ukainama kumsikiliza. Alitugawa wawili wawili, akasema Jumapili mchana kila jozi itafanya mtihani wa vitendo pamoja, mmoja kocha, mwingine mteja, halafu mnabadilishana. Mimi nikapangwa na Njambi. Kisha akaleta mdoli wa plastiki wa kufundishia namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Zamu yangu ilipofika, nilimgusa kifua kwa ncha za vidole.

"Mama, unampapasa," Chebet akasema. "Huyu amekufa."

Watu wakacheka. "Madam, naogopa nitamvunja mbavu."

"Ogopa," akasema. "Lakini ukiogopa, bonyeza."

Nikabonyeza. Nilipiga magoti pale sakafuni nikilia machozi kwa sababu ya mtu wa plastiki.

Sasa jambo lenyewe lilitokea baada ya chakula. Madam Chebet alitoka nje kupokea simu. Kevo akafungulia muziki, akapiga makofi. "Skwoti! Wa mwisho kusimama ndiye kocha wa Nakuru!" Mnajua wenyewe skwoti, unachuchumaa hadi chini na kuinuka, unachuchumaa na kuinuka. Tukaanza sote. Mimi magoti yalikataa mapema, nikaenda kukaa. Wengine wakaanguka mmoja mmoja wakicheka. Wakabaki Kevo na Njambi.

Kevo alikuwa mtu wa jimu kila siku. Njambi alikuwa hajafanya mazoezi tangu shule, lakini alikuwa na kile kichwa cha wakimbiaji, kinachoweza kuuambia mwili nyamaza. Uso wake ulibadilika rangi, midomo ikakauka, na bado alishuka na kupanda. Kevo akaanguka. Njambi akaendelea kidogo, ili waone. Ukumbi ulilipuka. Mimi pia nilipiga makofi, na kwa nguvu, kwa sababu msichana aliyelala njaa ya kutambuliwa alikuwa ameshiba mbele yangu.

Chebet alirudi akatukuta tukipiga kelele. Hakugomba. Alimtazama Njambi, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, akamuuliza, "Wewe hufanya mazoezi kila siku?"

"Eeh, madam. Kila siku."

Chebet akatuambia sote jambo ambalo hakuwa amepanga kutufundisha siku hiyo. Alisema msuli ukilazimishwa kupita kiasi, hasa wa mtu asiyezoea, huwa unapasuka ndani kwa ndani. Takataka zake zinaingia kwenye damu, na damu inazipeleka kwa figo, na figo zinaziba. "Kesho mtu yeyote miguu ikivimba, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi au soda nyeusi, asije hapa. Aende hospitali. Na asimeze dawa ya maumivu."

Neno mkojo lilipotajwa vijana wakacheka. Njambi alicheka pia.

Jioni tulifika kwangu. Nilipika ugali na sukuma, tukala, na alipotaka kuinuka kupeleka sahani, alishikilia meza. Nikadhani ni uchovu wa kawaida. Uchovu wa kawaida tunaujua sote, unauma lakini ukiuuguza kwa maji na usingizi unapungua. Akaniomba nimkande paja kidogo. Nikaweka mkono, na mkono ukashtuka kabla yangu. Paja la mtu aliyechoka hubonyea. Lile halikubonyea. Lilikuwa gumu na limejaa, kama papai bichi, na nilipobonyeza kidogo tu akavuta pumzi kwa meno.

"Njambi, umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa, Mum. Niko poa. Kesho nitakuwa poa."

Nikampa maji zaidi, tukalala. Nilijiambia Madam amenitia uoga wa bure.

Mtaa wetu wakati huo maji ya mfereji yalikuwa yanakuja yakipenda. Tulikuwa tunamwagia choo kwa ndoo. Jumapili asubuhi Njambi aliamka kabla yangu, nikamsikia akiburuta miguu ukutani, akaenda chooni, akarudi. Nilipoingia mimi, ndoo ilikuwa pale pale imejaa. Hakuweza kuiinua.

Nikaangalia chini nikaona.

Vijana, nimeona damu. Niliona mtu akikatwa vidole na mashine kiwandani. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ile rangi. Ilikuwa kahawia, nzito, kama soda iliyosimama kwenye glasi. Nilisimama pale nikishika mlango, na kitu cha kwanza nilichofikiria, niwaambie ukweli, kilikuwa ni kwamba huenda ni rangi ya choo chenyewe. Mtu akiogopa hutafuta mahali pa kujificha, hata kama ni chooni.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kochi, amevaa tayari, ameshika vidonge vya maumivu mkononi. Alikuwa ametoka navyo kwao.

"Nipe hizo."

"Mum, ni za miguu tu. Nikimeza nitatembea."

"Njambi, nimeona choo."

Akaanza kuongea haraka haraka. "Ni beetroot. Juzi nilikula beetroot, na si hugeuza mkojo rangi. Mum, tafadhali. Mtihani ni leo mchana tu. Ni kusimama kidogo, tumalize, jioni nitaenda hospitali mwenyewe, nakuapia. Jumatatu wakinikosa Naivasha, watachukua mtu mwingine. Unajua kushona magunia ni nini? Unajua vumbi ya mahindi vile inaingia kifuani?"

"Simama basi."

"Nini?"

"Simama bila kushika kitu. Ukisimama, tunaenda mtihani."

Akajaribu. Alijisukuma kwa mikono, akainuka nusu, miguu ikakataa, akaanguka tena kwenye kochi. Akajaribu tena. Mara ya pili alitoa sauti ndogo, kama ya mtoto anayeota vibaya, na hapo nikatafuta simu.

"Ukipiga hiyo simu sitakusamehe," akasema. "Kweli tena. Sitakusamehe."

Mnafikiri nilikuwa jasiri? Vidole vilikosa namba. Niliogopa kwamba ni kweli ni beetroot, na nitakuwa nimemnyima msichana wa watu kazi kwa sababu ya uoga wa mama mzee. Niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa sababu mwenzangu wa mtihani ndiye huyo. Yeye akikosa, mimi namfanyia nani? Na bosi alikuwa ananingoja Jumatatu. Na chini ya uoga huo wote kulikuwa na ule mwingine, kwamba atafia kwenye kochi langu nami nimeshika vidonge vyake.

Chebet akapokea. Nikamweleza. Hakuniuliza kama nina hakika.

"Asimeze kitu isipokuwa maji. Asitembee. Niko njiani."

Tulimngoja. Njambi alikuwa amegeuza uso ukutani. Kengele ya kanisa letu ikalia, watoto wa jirani wakapita wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, na mimi nikakaa kwenye stuli karibu na miguu yake, nikiitazama kana kwamba nikiacha kuitazama itaongezeka. Ilikuwa imevimba hadi suruali imebana. Nilimwambia, "Pole, mama."

Chebet alikuja na gari lake, na Kevo ndani. Alikuwa amemchukua hotelini ili amsaidie kumbeba. Kevo aliingia, akaona ile miguu, akawa kama mtu aliyepigwa kofi. Alimwinua Njambi kama gunia jepesi, akamteremsha ngazi polepole, na njia yote hadi hospitalini alikuwa anasema, "Ilikuwa mchezo tu. Mathe, si ilikuwa mchezo tu?"

Hospitalini walimtundikia dripu mara moja, wakatoa damu, wakatuambia tungoje. Chebet akaniambia kwa sauti yake ya chini, "Mimi lazima nirudi, kuna watu wananingojea. Mtihani ni saa nane. Unakuja?"

Nilimwangalia Njambi kupitia mlango. Mama yake, tuliyempigia simu, alikuwa bado njiani kutoka Rongai. Hakuwa na mtu.

"Siji, madam."

"Unajua sitaweza kukupa cheti."

"Najua."

Akanishika bega, akaenda. Kevo naye alipimwa, akaonekana hana shida, lakini alikataa kuondoka hadi alipoambiwa mara mbili.

Daktari alikuwa kijana wa umri wenu. Alitoka na karatasi, akaniuliza kama mimi ndiye mama. Nikasema mimi ni mwanafunzi mwenzake. Akanitazama, hakuelewa, lakini akaendelea. Figo zilikuwa zimeumia. Angempa maji mengi ya mshipa na kungoja, na zisipoamka, atahitaji mashine ya kusafisha damu. "Angemeza zile dawa, na kushinda leo akifanya mazoezi," akasema, akatikisa kichwa, hakumalizia. Nilikaa kwenye benchi. Meno yalikuwa yanagongana, na jua lilikuwa kali nje.

Mama yake alifika mchana, amebeba chupa ya chai na leso. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, mikono ya jembe. Nilisimama kumwamkia, nikamweleza kila kitu, hata ile simu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo kazi ya Naivasha imeenda," akasema.

"Imeenda, mama."

Akaingia kwa binti yake. Hakunishukuru wala hakunilaumu, na hilo la pili ndilo nililokuwa nimejitayarishia.

Jumatatu nilimwendea bosi mikono mitupu. Nilimweleza. Alisema amenielewa, na kwamba kuelewa hakuwezi kutundikwa ukutani. Akanitoa kwa wateja, nikawa nafua taulo na kupanguza mashine huku kijana mpya akifundisha akina mama niliowazoea. Kila jioni nilipita hospitalini. Njambi alikuwa akiniona anafumba macho. Sista mmoja alikuwa ananionyesha tu kwa kidole gumba, chini au katikati, hali ilivyo. Siku kadhaa kidole kilikuwa chini, na siku hizo nilishuka mjini kwa miguu badala ya tuktuk, kwa sababu nilihofia kufika nyumbani na kuliona lile kochi. Halafu siku moja kidole kikapanda. Figo zilikuwa zimeamka zenyewe, bila mashine. Akaruhusiwa kwenda Rongai, na hakuniaga.

Mimi nilirudia kozi ilipokuja tena. Madam Chebet alinipanga na Kevo, ambaye alikuwa ameacha mtihani siku ile, akakataa kuufanya hali Njambi amelazwa. Katika mtihani nilimpa skwoti chache, na kila baada ya chache nilimwambia aniongeleshe. Mtu akishindwa kuongea, mpunguzie. Akisema yuko sawa, angalia midomo na miguu yake, kwa sababu mdomo unasema kile kinachotakiwa. Na mgeni msimpe siku ya kwanza kile anachoweza kubeba, mpeni nusu yake, arudi kesho akiwa anatembea. Hayo hayakuwa kwenye mafunzo ya yule mzee wa kiwandani. Yalikuwa kwenye paja gumu kama papai. Tulipita sote wawili.

Ningewaachia hapo, lakini bado.

Baada ya muda mama yake Njambi alinipigia simu. Alisema tu, "Huyu mtoto amekataa kuinama." Nikapanda kwenda Rongai. Nilimkuta Njambi nyuma ya nyumba, anatembea vizuri, amenona kidogo. Lakini alikuwa haketi kwenye stuli fupi. Hakuokota kitu chini. Ghala lilikuwa limemrudisha kazini, naye alikuwa anashona magunia akiwa amesimama, wenzake wakimwinulia. Daktari alisema miguu imepona. Yeye aliogopa kwamba akishuka, hatapanda.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli. "Nimekuja kukaa."

Nilikuwa naenda kila nilipopata nafasi. Mwanzoni tuliweka kiti kirefu cha sebuleni, akakaa na kuinuka mkono wake ukiwa begani kwangu. Tukaweka kiti kifupi kidogo. Halafu stuli juu ya mbao. Kila hatua jasho lilimtoka kabla hajaanza, na mimi jasho langu lilikuwa mgongoni ambako haoni. Hatukuzungumza kuhusu Naivasha. Siku moja tu, akiwa amenishika bega, alisema, "Bado sijakusamehe, Mum." Nikamwambia, "Kaa polepole."

Kisha kuna Jumamosi ambayo nilifika mvua ikinyesha, mama yake hayupo. Tukaingia jikoni kuchemsha chai. Makaa yalikuwa na unyevu, jiko likawa linatoa moshi tu, na Njambi alikuwa ananisimulia habari ya jirani yao aliyeuziwa mbegu mbaya, ameudhika sana, anaongea kwa mikono. Moshi ukamwingia machoni. Akalaani, akachuchumaa mbele ya jiko hadi chini kabisa, akapuliza, akapuliza tena, makaa yakawa mekundu, akainuka na kuchukua sufuria, akaiweka, akaendelea na habari ya mbegu.

Hakuwa ameona alichofanya.

Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kupiga kelele, na niliogopa kwamba nikipiga kelele ataanguka. Nikamwambia majani ya chai yamekaribia kuisha, nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua bila mwavuli, mkono mdomoni, nikimsikiliza ndani akiniuliza kwa nguvu kama nataka tangawizi.